Maswali ya Wasomaji: Wanyama Waliovaa Makoti

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha zamani cha Kifaransa nimeona michoro ya wanyama waliovaa makoti na magauni, yenye sahihi ya Grandville. Je, huyu alikuwa mchora katuni za siasa au mchoraji wa vitabu vya watoto? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Alianza na siasa, na sheria ndiyo iliyomsukuma kwenye vitabu, ambavyo wala havikuwa vya watoto peke yao. Jina lake halisi ni Jean Ignace Isidore Gérard, mzaliwa wa Nancy, mwaka 1803. Grandville ni jina ambalo babu na bibi yake, waliokuwa waigizaji, walilitumia jukwaani.

Alipata sifa jijini Paris mwaka 1829 kwa mfululizo wa michoro wa Les Métamorphoses du jour (Mageuzi ya Siku), ambamo miili ni ya watu na vichwa ni vya wanyama, kila mnyama akiwa amechaguliwa ili kufichua tabia ya mwenye nguo zile. Baada ya Mapinduzi ya 1830, yaliyomweka Louis-Philippe kwenye kiti cha ufalme wa Ufaransa, alichorea La Caricature, jarida la katuni za siasa la mchapishaji Charles Philipon, lililomsakama mfalme huyo bila kuchoka. Hata hivyo, mfalme aliponusurika kuuawa Julai 1835, serikali ilipitisha mwezi Septemba sheria iliyolazimu kila mchoro uidhinishwe kabla ya kuchapishwa, na jarida hilo likakoma mwaka huohuo.

Ndipo akageukia kuchorea vitabu: hekaya za mshairi Mfaransa La Fontaine na riwaya ya safari za Gulliver, zilizotoka mwaka 1838. Picha zilichongwa kwenye vibao vya mbao vyenye kimo sawa na herufi za chapa za madini ya risasi, hivyo maneno na picha vilipigwa chapa pamoja katika ukurasa mmoja. Kwa maoni yangu, kilele chake ni kitabu Un autre monde (Ulimwengu Mwingine) cha mwaka 1844, ambamo daraja la chuma linaunganisha sayari na samaki wanavua watu kwa chambo cha vito na nishani (dhihaka ya siasa, kwa hiyo, haikumtoka kabisa).

Alifariki Vanves, karibu na Paris, tarehe 17 Machi 1847, akiwa na miaka 43, baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza na wana wao wote watatu.

Kuhusu kitabu chako, tazama kona za chini za picha: ukikuta sahihi ya pili, aghalabu hiyo ni ya fundi aliyechonga kibao, kwani Grandville alichora tu.