Kuhesabu picha za majira ya baridi kwa Kiswahili

Dada, umeuliza namna ya kumfundisha mwanao wa miaka minne, aliyezaliwa Minneapolis, Marekani, kuhesabu kwa Kiswahili kwa kutumia karatasi ya kutafuta picha za majira ya baridi. Nakushauri usimpe karatasi nzima, kwa sababu picha zikirundikana mtoto hukisia tu. Funika nusu, mtajie kitu kimoja, na kila akikiona aweke punje ya haragwe juu yake, ili asihesabu picha ileile mara mbili. Ugumu hasa uko kwenye upatanisho wa kisarufi, yaani namba kubadilika kufuata jina la kitu: kofia ni mbili, miti ni miwili, ndege ni wawili, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo ningeanza na kofia na glavu, ambazo hufuata namba zilezile anazoziimba, kisha miti, na ndege mwishoni. Chembe ya theluji kwa kawaida ina ncha sita, basi azihesabu kwa kidole. Mwanangu alishikilia kwamba mtu wa theluji naye ni mtu, hivyo wakiwa kwenye picha ni “wawili”, si “mbili”, na kisarufi sikuwa na hoja ya kumpinga.