Mkataba wa gesi umeshasainiwa: Bunge lina nguvu gani?

Swali: Naishi Mtwara. Serikali ikisaini mkataba wa kutafuta na kuchimba gesi, mbunge wetu anaweza kubadilisha chochote, au anapewa taarifa tu?

Jibu: Anaweza, tena sana, ila kwa Tanzania nguvu hiyo inakuja baada ya wino kukauka. Mkataba wa kugawana uzalishaji, yaani PSA, hausubiri kura ya Bunge ili uanze kufanya kazi. Kinachotumika ni sheria ya 2017 inayohusu masharti hasi, yaani yanayoumiza nchi, katika mikataba ya maliasili. Serikali ikishaingia mkataba, inapaswa kuutolea taarifa bungeni ndani ya siku sita za vikao vinavyofuata. Bunge likiona kuna masharti hasi, linapitisha azimio la kuitaka Serikali ijadiliane upya. Serikali ina siku 30 za kumpa mwekezaji notisi, kisha majadiliano yasizidi siku 90. Yakishindikana, au mwekezaji akigoma, masharti hayo yanahesabika kuwa yamefutwa.

Kenya wameweka mlango mbele. Ibara ya 71 ya Katiba yao ya 2010 inataka miamala ya kutoa haki ya kuvuna maliasili iidhinishwe na Bunge, na sheria ya 2016 ikataja aina za miamala inayohusika. Mimi napendelea utaratibu wao, kwa sababu kujadiliana upya na kampuni iliyokwisha kumwaga fedha baharini ni kazi ngumu, hata sheria iwe kali vipi.

Tatizo kubwa kwetu limekuwa kuiona mikataba yenyewe. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) iliamuru vigogo wawili wa TPDC, shirika la mafuta na gesi la Serikali, wakamatwe kwa kutokabidhi mikataba 26 iliyokuwa ikidaiwa. Sheria ya 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, ile ya TEITA, sasa inataka mikataba ichapishwe. Kwa hiyo ukimwona mbunge wako, muulize kwanza kama ameusoma mkataba wote pamoja na nyongeza zake. Nyongeza ndizo huficha mambo.

Akisema ameusoma, muulize ukomo wa kurejesha gharama. Watu hubishania mrabaha, yaani asilimia ya thamani ya gesi inayolipwa Serikalini, wakati fedha nyingi huamuliwa hapa. Tuseme gesi ya mwaka ina thamani ya 100, tuache mrabaha na kodi pembeni. Ukomo ukiwa 50, kampuni inachukua hadi 50 kufidia gharama zake, inabaki 50 ya kugawana. Serikali ikipata asilimia 60 ya hiyo, inaondoka na 30. Pandisha ukomo hadi 70 na gharama ziufikie: inabaki 30, Serikali inapata 18, ingawa ile asilimia 60 haijaguswa. Gharama zisizorejeshwa mwaka huu kwa kawaida husogezwa mwaka unaofuata, ndiyo maana ukaguzi wa gharama hizo ni swali lako la tatu kwake: nani aliyezikagua, na taarifa yake imefika kamati gani?