Iafoni ile ile: mimi sipati besi, mdogo wangu inamzidi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na mdogo wangu tulichanga pesa tukanunua spika za masikioni, zile iafoni zinazoingia ndani ya tundu la sikio, baada ya kusoma sifa zake mtandaoni. Nikizivaa mimi, besi siipati kabisa, na mwimbaji akitamka "s" inanichoma. Mdogo wangu anasema besi imejaa mpaka inafunika maneno, na hiyo "s" yeye haimsumbui. Mtandaoni nako ni vivyo hivyo: huyu anasema ni tamu, yule anasema zinalia kama bati. Simu ni moja na wimbo ni mmoja. Je, tumeuziwa feki, au mmoja wetu ana tatizo la masikio? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Marahaba. Nimelipenda swali lako kwa sababu hukuishia kusema "mbaya" au "nzuri". Umetaja vitu viwili vinavyopimika: besi, na ile "s". Kwa maelezo hayo, naamini wewe na mdogo wako hamjasikia sauti moja. Spika ni zile zile, lakini kilichofika kwenye ngoma ya sikio lako na kilichofika kwenye ngoma ya sikio lake ni vitu viwili. Tungekuwa na maikrofoni ndogo ya kuweka mle ndani, tofauti ingeonekana kwenye kipimo kabla hata hatujaulizana nani anapenda nini.

Spika ya sebuleni hupiga hewa ya chumba, na chumba hicho mnakaa wote. Iafoni chumba chake ni sikio lako. Ni kijia chenye urefu wa sentimita 2.5 hivi na upana wa milimita 7 hivi, kimepinda kidogo, na mwisho wake ndipo ilipo ngoma ya sikio. Hakuna watu wawili wenye kijia kinacholingana kabisa. Hata kwa mtu mmoja, kushoto na kulia vinaweza kupishana kiasi cha kuhitaji vipira (vile vinavyovikwa kwenye ncha ya iafoni) vya saizi mbili.

Nianze na besi, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa zao. Umewahi kujaza upepo tairi ya baiskeli kwa pampu ambayo ngozi yake ya ndani imechoka? Ukisukuma haraka haraka, upepo kidogo unaingia. Ukisukuma taratibu, wote unavuja pembeni. Besi ni msukumo wa taratibu. Noti ya hezi 50 inasukuma na kuvuta hewa mara 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo ikipata upenyo wowote pembeni ya kipira, hewa inatoka kabla haijaisukuma ngoma ya sikio. Sauti kali zinakwenda mara elfu kadhaa kwa sekunde, na upenyo huo hauzipunguzi sana. Ndiyo maana iafoni isiyoziba vizuri haipungui sauti yote kwa pamoja. Inapoteza besi, zinabaki zile kali peke yake, na mtu anasema "bati" kwa haki kabisa.

Siku moja studio nilikuwa na mwimbaji na mpiga gitaa la besi, wanapokezana iafoni moja kusikiliza miksi. Mpiga besi akasema nimezidisha besi. Mwimbaji, dada mwenye masikio madogo, akasema besi haipo. Nikamwomba ageuke kwenye taa nimtazame sikio. Kipira cha kati kilikuwa kimekaa mlangoni tu, hakikuingia, na upande wa chini kulikuwa na mwanya mwembamba kama kipande cha ukucha uliokatwa. Nilimbadilishia kipira kidogo. Nikamwambia avute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, asukume iafoni huku akiizungusha kidogo, kisha aliachie sikio lirudi. Uso ulibadilika kabla hajasema neno. Miksi sikuigusa. Wengi wakikosa besi hukimbilia kipira kikubwa zaidi, lakini kipira kikubwa kwenye sikio dogo hubaki nje na kuvuja. Kidogo kilichoingia kinaziba kuliko kikubwa kilichokwama mlangoni.

Jaribu kwako hivi. Vaa, kisha useme "mmmm" mdomo ukiwa umefumba. Kama masikio yote yameziba, sauti yako itavuma kichwani sawasawa pande zote. Ikivuma upande mmoja zaidi, ule mwingine unavuja. Jaribu vipira vyote vilivyokuja kwenye boksi, na usione haya kuvaa saizi mbili tofauti. Vya sponji, vile vinavyobinywa kwanza halafu vinavimba ndani ya sikio, huwasaidia wengi walioshindikana na vya silikoni.

Sasa hiyo "s". Sikio lililo wazi ni kama chupa tupu unayopuliza mdomoni: lina mlio wake linaoupenda, na kwa watu wazima mlio huo uko karibu na hezi 3,000. Tumekua nao, ubongo umeuzoea. Ukiziba tundu kwa iafoni, chupa inakuwa imefungwa pande zote mbili, na mlio inaoupenda unaruka juu sana. Unaweza kuupiga hesabu. Chukua mwendo wa sauti, mita 350 hivi kwa sekunde kwenye hewa ya joto, gawanya kwa mara mbili ya umbali kutoka ncha ya iafoni hadi ngoma ya sikio. Umbali ukiwa milimita 25, unapata hezi 7,000. Ukiwa milimita 20, unapata 8,750. Ukiwa milimita 15, unavuka 11,000. Hesabu hii ni ya bomba lililonyooka, sikio halijanyooka hivyo, lakini mwelekeo ndio huo.

Zile "s" za Kiswahili, na lugha yetu imejaa hizo, nguvu zake nyingi ziko kuanzia hezi 5,000 hadi 8,000 na ushee. Kwa hiyo mtu ambaye iafoni imekaa mbali na ngoma ya sikio, mwinuko wake, yaani pale sikio linapoukuza ule mlio linaoupenda, unaangukia pale pale kwenye "s". Kila "sasa" na "sisi" inakuwa sindano. Mwenzake ambaye ncha imezama milimita chache zaidi, mwinuko umepanda juu ya "s" na maneno yanapita laini. Nadhani hapa ndipo wewe na mdogo wako mlipoachana. Na kama yako haijazama, ndiyo hiyo hiyo inayovuja besi. Malalamiko yako mawili yana chanzo kimoja.

Unaweza kuukamata mwinuko wako mwenyewe. Pakua programu yoyote ya bure ya kutoa mlio, punguza sauti kabisa, anza hezi 5,000 na upande taratibu hadi 10,000. Mlio utakuwa wa kawaida, halafu sehemu fulani utachomoza ghafla kama umeongezwa sauti, kisha utulie tena. Andika namba ya hapo ulipochomoza. Zamisha iafoni kidogo zaidi, rudia. Utaona namba imepanda. Mpe mdogo wako afanye vile vile, mlinganishe namba zenu. Iafoni haijabadilika chochote, mmebadilika nyinyi.

Hii ndiyo sababu michoro ya vipimo inayosambazwa mtandaoni ina thamani, lakini ina mpaka. Nyingi hupimwa kwa sikio la chuma, yaani kifaa kinachoiga sikio la mtu, la kiwango cha kimataifa, ambacho kwa sasa kinaitwa IEC 60318-4 na wenye kazi bado wanakiita 711 kwa jina lake la zamani. Linamwakilisha mtu mzima wa wastani. Kuanzia besi hadi sauti za kati mchoro huo nauamini sana, kama iafoni zimeziba. Ukifika hezi 8,000 na kuendelea, unasoma mwinuko wa lile sikio la chuma, na wako unaweza kuwa mahali pengine kabisa. Mtu anayeniambia iafoni "inachoma kwa hezi 8,000" kwa kuangalia mchoro tu, bila kuivaa, simsikilizi.

Umri nao upo. Kijana mwenye masikio mazima anasikia hadi karibu hezi 20,000, na kadiri miaka inavyokwenda uwezo huo unaliwa kutoka juu kushuka chini. Lakini wewe na mdogo wako sidhani kama mmepishana miaka ya kutosha kwa hilo.

Nilichokiona mara nyingi zaidi ni volyumu. Watu wawili wanapokezana iafoni, na kila mmoja anagusa kitufe cha sauti bila kusema. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi sawa na sauti za kati pale sauti inapokuwa ndogo. Kwa sauti ya chini, mlio wa hezi 1,000 ukiwa desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mlio wa hezi 100 unahitaji desibeli kama 64 ndipo usikike kuwa sawa nao. Ukipandisha sauti yote, pengo hilo linashuka kwa karibu nusu. Maana yake, anayesikiliza kwa sauti kubwa anapata besi zaidi kutoka kwenye wimbo ule ule. Halafu hata tofauti ya desibeli moja, ambayo mtu haitambui kama ni kupanda kwa sauti, anaitambua kama "hii ni safi zaidi". Kwa hiyo mkilinganisha, sauti ikae pale pale na asiiguse mtu.

Mahali pia. Ndani ya daladala, muungurumo wa injini uko chini huko huko besi ilipo, na unaimeza. Iafoni iliyoonekana nyepesi kwenye basi inaweza kuwa nzito sana usiku kitandani. Na tafadhali usijibu muungurumo huo kwa kupandisha sauti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 unazoongeza zinakata muda huo nusu. Kipira kinachoziba vizuri kinaupunguza muungurumo wenyewe, na sikio lako linabaki salama.

Mkishayasawazisha hayo yote, kuziba, kina, sauti na mahali, tofauti itakayobaki ndiyo ladha, na ladha ni jambo la kweli. Mtafiti wa sauti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu sauti za hedifoni nyingi bila kujua ni zipi, wazipe alama. Hizo zilikuwa za kufunika sikio au kukaa juu yake, si za kuingia ndani, ila funzo linatuhusu. Asilimia 64 waliangukia kwenye sauti moja inayofanana. Asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo, na asilimia 21 walitaka pungufu. Nilichojifunza pale ni kwamba wengi tunapenda vitu vinavyokaribiana kuliko mabishano ya mtandaoni yanavyoonyesha, na tunapoachana, mara nyingi tunaachana kwenye kiasi cha besi. Mtu aliyekulia kwenye singeli na aliyekulia kwenye taarabu wakigombea besi, hakuna mwenye sikio bovu pale.

Macho nayo yanasikia. Mtafiti mwingine, Floyd Toole, na huyo huyo Olive, mwaka 1994, waliwapa watu spika wazipe alama wakiwa wanaziona, kisha spika zile zile nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Hao walikuwa wafanyakazi wa Harman hiyo hiyo. Nyinyi mlikuwa mmesoma sifa kabla hamjanunua, kwa hiyo mlizivaa mkiwa tayari mna matarajio.

Kuhusu sifa za mtandaoni, mimi hufanya hivi: natafuta mtu aliyeandika juu ya iafoni ambayo tayari ninayo na ninaijua vizuri. Kama aliyoyasikia yeye ndiyo niliyoyasikia mimi, basi masikio yetu yanakaribiana, na maneno yake juu ya iafoni nyingine nayachukua kwa uzito. Kama aliisifia ile iliyonichoma, nampita hata awe na wafuasi milioni.

Sasa feki. Kwanza tazama wavu mdogo kwenye mdomo wa iafoni kwa mwanga wa tochi. Nta ikiziba wavu, sauti kali zinakufa upande huo. Ifute kwa brashi kavu laini, mdomo ukiangalia chini, na usichokonoe kwa pini. Sikio lenyewe usilichokonoe kwa kijiti cha kiberiti. Kisha fanya jaribio hili: cheza wimbo uliorekodiwa sawa pande zote mbili, sikiliza ni upande gani dhaifu. Vua, ile ya kulia iweke kushoto na ya kushoto kulia, hata kama zitakaa vibaya kidogo. Zishike kwa vidole zizibe. Udhaifu ukihama pamoja na iafoni, basi ni iafoni, irudisheni dukani na risiti. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lile lile, badilisha kipira cha upande huo urudie. Ukibaki tena, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akutazame ndani. Mara nyingi ni nta iliyojaa, na huitoa pale pale.