Namba mbili tofauti za h-indeksi: uandike ipi?

Ndugu mhadhiri, nimekuelewa: unaomba kupandishwa cheo, Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, inakupa h-indeksi ya 9, Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, inakupa 4, na kamati inataka pia uonyeshe ushirikiano wako wa kuandika na watafiti wengine.

Hakuna iliyokosea. Kipimo hiki, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kikiwa 4, kinasema una makala 4 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 4 na makala nyingine. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti. Scopus huchuja majarida. Andika zote mbili, pamoja na tarehe uliyozitazama.

Lakini kwanza safisha jina lako. Ukiandika majina matatu kwenye makala moja na mawili kwenye nyingine, Scopus inaweza kukufungulia wasifu mbili na kuzigawanya nukuu zako kati yake. Omba ziunganishwe, kisha fungua ORCID, namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti, ni bure.

Kwa ushirikiano, pakua VOSviewer, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Leiden inayochora ramani ya waandishi. Kila mwandishi huwa nukta, na mstari huunganisha walioandika pamoja. Angalia kama unaunganisha makundi mawili au umening'inia kwa msimamizi wako peke yake. Hilo, kwa maoni yangu, linasema mengi kuliko h-indeksi. Makala zenye waandishi mamia ziondoe, zinapotosha ramani.

Usijilinganishe na mtu wa tiba kama wewe ni wa isimu. Na wenzako wakikuambia mnukuliane ili namba zipande, kataa kabisa. Mwongozo wa vyeo wa chuo chako ukikutatiza, muone mkutubi kabla ya kuwasilisha.