Mnyanya ukinyauka mchana, chimba kwanza

Mnyanya ukilegea majani saa saba mchana, jioni ukasimama tena, wengi wetu huku Ilula, mkoani Iringa, tunakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Mimi nasema chimba kwanza, uone mizizi. Chimba, usiung'oe. Ukiuvuta kwa mkono, mizizi midogo inakatikia ardhini, na ushahidi unabaki huko huko. Nazungushia shina jembe, nanyanyua mche na bonge lake la udongo, nalitumbukiza kwenye ndoo ya maji lilowe lenyewe. Mizizi ikitakata, mara nyingi unakuta imejaa mafundo.

Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, jamii ya Meloidogyne. Mtoto wake anayeingia mzizini hafiki nusu milimita, kwa hiyo shambani humwoni. Jike akishatulia ndani ndipo hunenepa: chana fundo kwa wembe penye mwanga mzuri, utaona chembe nyeupe inayong'aa. Chembe hiyo moja hutaga mayai kwa mamia, na udongo ukiwa na joto kizazi hukamilika kwa takriban mwezi. Dawa ya ukungu haimgusi.

Usichanganye na vinundu vya maharage. Vile vina bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka, na ndani vina wekundu. Fundo la minyoo halibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba. Kabichi nayo ina adui wake, kimelea Plasmodiophora brassicae, ambaye Mrusi Woronin alimweleza mwaka 1878. Huyu si mnyoo kabisa. Huvimbisha mizizi ikawa kama tangawizi, hupenda udongo wenye tindikali (ndiyo maana chokaa husaidia), na spora zake hukaa ardhini miaka mingi. Ndugu zake wapo hadi baharini, ndani ya nyasi bahari na mwani. Mmoja hushambulia cochayuyo, mwani mkubwa unaoliwa Chile. Wavuvi wa huko sijui wanamwitaje, lakini tabia ni ile ile: anajificha ndani, mwenyeji wake anavimba.

Turudi kwenye nyanya. Mafundo yakishajaa, zao hilo vuna unachopata, pesa ya dawa ipeleke kitaluni, maana miche husambaza sana minyoo. Lowanisha udongo wa kitalu, ufunike kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita kipindi cha jua kali. Kwenye pakiti ya mbegu tafuta herufi N baada ya jina la aina, kama ilivyo kwenye VFN: maana yake inahimili minyoo hii. Ila udongo ukipita nyuzi joto 28 hivi, uhimilivu huo hulegea, kwa hiyo mabondeni kwenye joto usiutegemee peke yake.

Kubadilisha mazao ndipo watu wanapojidanganya. Kutoka nyanya kwenda bilinganya, bamia, tango au mchicha ni kuwahamishia minyoo meza tu, yote hayo wanayala. Afadhali karanga. Marigodi (maua ya Tagetes) nayo hufanya kazi, lakini ijaze shamba zima kwa miezi kadhaa; mistari miwili ya pembeni ni mapambo.

Baada ya mavuno ng'oa mizizi yote, ikauke juani kisha uichome. Na jembe la kuazima lioshe kabla halijagusa udongo wako, hata kama mwenyewe atanuna.