Walakini ya Habakuki

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni andiko gani hukushika siku ambayo mambo yamegoma, na unaliishije?" Jibu langu ni neno moja tu, wala si aya nzima. Ni neno "walakini".

Sote tunajua tunavyolitumia. Mchumba akiwa na walakini, wazee wanaanza kuulizana pembeni. Mzigo ukiwa na walakini, mteja anaurudisha. Ni neno la dosari, linakuja mwishoni na kutia doa yote mazuri yaliyosemwa. Nabii Habakuki amelipindua. Yeye anaanza na mabaya, anayamaliza yote, ndipo analiweka. Sura ya 3, aya ya 17 na 18:

"Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda, taabu ya mzeituni itakuwa bure, na mashamba hayatatoa chakula, zizini hamtakuwa na kundi, wala vibandani hamtakuwa na ng'ombe, walakini nitamfurahia Bwana, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu."

Nililisikia kwa mama yangu, nyumbani Old Moshi, mwaka 2001. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka dunia nzima, na majirani kadhaa walishang'oa mibuni wapande nyanya. Sisi hatukung'oa, lakini chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, iliingia. Aliyeiona haisahau: punje za kijani zinatoka madoa meusi yaliyodidimia, zinanyauka zikiwa bado juu ya mti, ukizigusa zinabaki mkononi kama mkaa. Hela ya dawa hatukuwa nayo. Ada yangu ya kidato cha pili ilikuwa ndani ya punje zile, na shuleni nilisharudishwa.

Jioni, kwenye sala ya nyumbani, mama alifungua Habakuki. Alisoma taratibu, na alipofika kwenye mizabibu akasoma "mibuni". Sikumsahihisha. Alipofika kwenye "walakini" alinyamaza, muda mrefu kiasi kwamba mdogo wangu alidhani amelala. Kisha akamalizia. Sauti haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa.

Jumapili iliyofuata alibeba mayai mawili kwenda ibadani. Wasioijua mila ya sharika zetu za Kilutheri, baada ya ibada sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, kuku, maziwa, miwa. Mtu ananunua, mara nyingine anakirudisha kinadiwe tena. Mayai ya mama yalinadiwa mara tatu. Ninamwona mpaka leo, amesimama na kitenge chake, anapiga makofi kwa mayai ambayo wanawe tungeyala.

Kwa miaka mingi sikumwelewa. Nilipokua nikaingia kwenye biashara ya mitumba soko la Memorial, nikajitengenezea imani yangu mwenyewe. Belo unalinunua limefungwa. Unalipa kwanza, unakata kamba, ndipo unajua umepata nguo za daraja la kwanza au matambara. Nikasema basi, Waebrania 11:1 ndiyo hii, "bayana ya mambo yasiyoonekana". Ninatoa, ninaomba, ninasubiri belo zuri. Na wahubiri wa namna hiyo wapo wengi, wanaokutajia hadi mwezi ambao muujiza wako utafika. Ninasema kwa uchungu: wanawaumiza watu. Mwanangu wa kwanza alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana ajira. Nimeshaambiwa "mwaka huu ndio wake" mara tatu, na kila Desemba ninamwona anavyokwepa kunitazama usoni.

Habakuki hakutajiwa mwezi. Kitabu chake kinaanza kwa malalamiko: "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Jibu alilopata lilimtisha zaidi, kwamba Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wanakuja. Mpaka anafunga kitabu hawajaondoka, na mtini haujachanua. Anafurahi belo likiwa limefunguliwa na ndani yake hamna kitu. Na mimi niimbaye kwaya nimependa jambo moja ambalo wengi hulipita: mstari wa mwisho kabisa ni agizo kwa mwimbishaji, wimbo uende na vyombo vya nyuzi. Yaani orodha ile ya hasara ilitolewa iimbwe na watu wote, pamoja, kwa sauti.

Ninaliishije? Kwa mambo madogo. Januari sokoni ni ngumu, wazazi wote wako kwenye ada na sare. Nikifunga meza bila kuuza ninahesabu hasara yangu kwa sauti, mbele za Mungu, bila kuipamba. Kisha ninasema neno lile moja. Zipo jioni sina cha kuongeza baada yake, ninaishia hapo hapo, ninakunja turubai.

Jumamosi iliyopita tulipanda kwa mama, mimi na mwanangu. Mama amepita sabini, na amepata miche ya kahawa ya aina mpya isiyoshikwa na chulebuni. Anataka iingie ardhini mvua za masika zikianza, na kahawa ya kwanza ni kama miaka mitatu mbele. Sikumuuliza hesabu ya miaka. Alikaa kwenye kigoda chini ya mgomba, mjukuu akachimba mashimo kumi na mawili, futi mbili kwenda chini. Kijana alikuwa anarusha udongo ovyo. "Hapana, baba," bibi yake akamwambia, "wa juu uweke huku, wa chini uweke kule. Ule wa juu tutauchanganya na samadi, ndio utakaorudi kwanza." Kijana akautenganisha upya kwa mikono, shimo kwa shimo.