Insha ya mwanao wa darasa la 6 Marekani imerudi na wino mwekundu

Dada, pole. Umeuliza kwa nini mtoto aliyekuwa akipata alama nzuri za imla sasa anarudishiwa insha imejaa maswali ya mwalimu pembeni. Si kwamba amezembea. Kazi yenyewe imebadilika.

Viwango vya Common Core, yaani orodha ya mambo ambayo mtoto anatakiwa kuyaweza kila darasa katika Kiingereza na hesabu, vilitolewa mwaka 2010 na majimbo mengi yakavikubali, ingawa Texas na Virginia hayakuvichukua. Kwa viwango hivyo, darasa la 5 mtoto anaandika maoni yake na kutoa sababu. Kuanzia la 6 anajenga hoja, na hoja inataka ushahidi. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwanao ameandika "mhusika huyu ni mwoga" akaweka nukta. Mwalimu anataka ile sentensi ya kwenye hadithi inayoonyesha woga, kisha maelezo: inauonyeshaje? Darasa la 7 atatakiwa kutaja na hoja pinzani.

Sarufi na msamiati bado vipo, usihofu.

Nyumbani, usimwandikie. (Mimi niliwahi kumwandikia wangu, mwalimu aligundua kwenye aya ya kwanza.) Akikuambia jambo kuhusu hadithi, muulize tu, "Umejuaje?" Muulize kwa Kiswahili, hakuna ubaya, maana kufikiri ni kulekule. Halafu mwombe mwalimu mwongozo anaotumia kutoa alama, msome pamoja kabla mtoto hajaanza rasimu. Ukisubiri hadi insha isahihishwe, utakuwa umechelewa.